Uliza Kabla ya Kupewa Maji

Jana jioni Keji alinijibu ndiyo, na tangu hapo moyo wangu haujatulia.

Keji ni binti wa mdogo wangu Poni. Ana mtoto wa miezi tisa, mtoto wake wa kwanza, na leo ndiyo siku ya chanjo ya surua pale chini ya turubai, karibu na kanisa kuu hapa Kator, mjini Juba. Kutoka kwake, mtaa wa Juba Na Bari, mpaka kwenye turubai lazima apite mbele ya lango langu. Kwa hiyo nimetoa kiti nje tangu saa moja asubuhi, nimeweka daftari magotini. Nyinyi vijana mlioanza kazi kwenye chumba cha hesabu za magonjwa mlinitumia ujumbe mkitaka niwaandikie mambo ya zamani. Haya, mmepata bahati, leo sina pa kwenda. Nitaandika huku naangalia barabara. Mkiona nimekatika katikati ya jambo, mjue kuna mtu anapita na mtoto mgongoni.

Mtashangaa: mtu kakujibu ndiyo, sasa wasiwasi wa nini? Ngojeni nifike huko. Mimi kusimulia moja kwa moja sijui. Hata mwalimu wangu alikuwa akinilaumu kwa hilo.

Jina lake Mugisha, lakini sote tulimwita Mwalimu. Alitoka Uganda akaja Juba miaka ile watu walipoanza kurudi kutoka uhamishoni. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na Kiswahili cha mjini na cheti cha hesabu ambacho hakuna aliyekiulizia. Ofisi yetu ilikuwa kontena la chuma. Asubuhi unaweza kufikiri ndani yake. Mchana, jenereta ikizimwa ili mafuta yasiishe, mnakaa tu mlango wazi, miguu ndani ya karai la maji, na akili inaanza kuelea. Msicheke. Mengi niliyoyaelewa katika kazi hii niliyaelewa saa nane mchana, nusu nimelala.

Siku yangu ya kwanza Mwalimu alichora vyumba vitatu kwa chaki pale sakafuni. "Hapa," akasema, "iko watu ambao surua ikikuja inawashika. Hapa iko wagonjwa. Na hapa iko wale haiwezi kushika tena, wamepona ama wamechanjwa." Akanikabidhi bakuli la maharage. "Sasa tembeza watu."

Nikatembeza. Nilipiga magoti kwenye chuma cha moto nikasukuma harage moja moja kwa kidole. Mgonjwa mmoja anakutana na watu wangapi kwa wiki? Kati yao, wangapi bado wako chumba cha kwanza? Ndiyo hesabu yenyewe, wanangu. Kompyuta zenu zinafanya hayohayo, ila haziumwi magoti. Halafu akachora mlango wa pembeni, unaotoka chumba cha kwanza na kuingia cha tatu bila kupita kwenye ugonjwa. Chanjo. Nikasema, basi tuwapitishe wote hapo, kazi iishe, twende nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hii mlango," akasema, "kitasa yake iko upande ya mama wa mtoto."

Kuna mtu anakuja. La, ni mwanamke wa samaki, na mgongoni amebeba beseni.

Nilikosea sana mwanzoni, na sioni haya kuwaambia. Wiki ya pili niliandika siku mahali pa wiki. Nikaiacha kompyuta ikipiga hesabu, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikakuta surua imeimaliza Juba nzima na bado inatafuta watu. Mwalimu alikitazama kioo kwa muda mrefu. "Kiden," akaniambia polepole, "umepatia surua hata watu hawajazaliwa." Tangu hapo, kabla sijabonyeza kitu, naandika kipimo pembeni kwa penseli: siku, wiki, mwezi. Penseli, si wino, maana jasho la Juba linakula wino. Fanyeni hivyo na nyinyi, hata kama mashine zenu za leo zinajifanya zinajua kila kitu.

Lakini kilichonikalisha kwenye kontena lile miaka yote si vyumba, ni kitasa. Mwalimu alikuwa akisema woga nao unaambukiza, na moyo wa kukubali unaambukiza vilevile. Mama mmoja anamtazama jirani. Ugonjwa ukisikika mtaa wa pili, wote wanakimbilia sindano. Ugonjwa ukisahaulika, sindano ndiyo inabaki kuwa kitu cha kutisha, foleni inapungua, watoto wanaozaliwa wanarundikana chumba cha kwanza kimyakimya, mpaka siku surua inawakuta. Basi tulikigawa chumba cha kwanza cha kila mtaa mara mbili: walio tayari na wasio tayari, na tukawaacha watazamane. Ukiichora idadi ya walio tayari kwa miaka mingi, inapanda, inashuka, inapanda tena. Nilikuwa nikilala mchana naona mji mzima unapumua hivyo, Kator, Gudele, huko mtoni, watu wanatoka chumba hiki wanaingia kile, hakuna anayeongea, vumbi limetulia. Nikiamka shati limelowa na Mwalimu ananiuliza nimefika wapi.

Ili hesabu ianze kutembea ilibidi tujue ni wangapi wako tayari. Hilo huwezi kulitoa kichwani. Ni kwenda mlango kwa mlango kuuliza. Nikapewa beji ya kuning'iniza shingoni, ubao wa kuandikia, na fomu. Nikaanza na Juba Na Bari kwa sababu ndiko nyumbani.

Nyinyi mnajua kwetu mgeni anavyopokelewa. Unapiga hodi, unakaribishwa, kiti kinafutwa vumbi kwa pindo la kitenge. Maji yanaletwa kwenye sinia, unakunywa mpaka glasi iishe, mnaulizana habari za nyumbani, za safari, za waliokufa na waliozaliwa. Hapo tu ndipo unasema kilichokuleta. Nami nina adabu, nililelewa. Nilikunywa maji kila nyumba ya mtaa ule mpaka tumbo likawa linapiga kelele nikitembea. Kila nyumba, nikiweka glasi chini, nauliza: siku ya chanjo utampeleka mtoto? Na kila nyumba: ndiyo, mama. Ndiyo kabisa. Tutachelewaje kumpeleka?

Kwa Poni nilifika mwisho. Keji alikuwa kwenye mapaja yake, mdogo wa kuanza kukaa, anaivuta beji yangu na kunitazama kwa macho mawili makubwa, meusi, kama anataka kunisoma. Poni alinipa maji kama alivyompa kila mgeni. Nikanywa, nikauliza. "Ndiyo, dada," akasema. "Nitampeleka." Nikaandika ndiyo, nikambusu mtoto, nikaondoka nimefurahi.

Gudele ilikuwa dunia nyingine. Wakati ule ilikuwa inajengwa usiku na mchana, wapangaji watupu, vibanda, watu wa juzi kutoka Uganda na Kenya, hakuna anayemjua mwenzake wala mwenye kiti cha ziada. Niliuliza nikiwa nimesimama barabarani. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekaanga chapati, alikuwa na mapacha, na Waganda humwita mama wa mapacha Nalongo, basi hata sisi tulimwita hivyo. Hata sijamaliza swali akaninyooshea mwiko.

"Wewe mama, toka! Mimi iko na kazi. Sindano yako hapana ingia kwa mtoto yangu! Andika hivyo, andika kubwa!"

Nikaandika kubwa. Na waliofuata wengi walikuwa hivyohivyo. Nikarudi kontenani nimekasirika, nikaingiza majibu yote kwenye kompyuta, na kompyuta ikasema lile ambalo mtu yeyote angesema: Juba Na Bari watakuja wenyewe, Gudele itawaka. Wachanjaji walikuwa wachache. Mimi ndiye niliyechora mpango. Karibu wote nikawapeleka Gudele, na Juba Na Bari nikaacha meza moja kwa siku mbili.

Mwalimu aliusoma mpango ule akiwa amesimama. "Hesabu iko safi," akasema. "Lakini watu yote kukubali namna hii, Kiden, wewe umeona wapi?"

Nikamwambia ni watu wa kwetu, nawajua. Nikanuna kutwa nzima.

Siku ya chanjo nilikwenda Gudele kuona ushindi wangu. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa nani? Nalongo, pacha mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Nikamwuliza, mama, si ulikataa?

"Nilikataa, kweli kabisa! Jirani yote wakasikia nimekataa. Wakakuja kunigombeza pale kwa chapati, huyu anasema hivi, huyu anasema hivi, mpaka chapati inaungua. Mimi nimechoka na kelele yao. Chanja, niende!"

Nilicheka pale, wajinga tunacheka kwanza. Nyuma yake foleni ilifika mpaka barabara kuu. Kule Juba Na Bari muuguzi alikaa na sanduku lake la barafu siku mbili akifukuza nzi, na walioletwa wangetosha kwenye mkeka mmoja. Nilijiambia watakuja wiki ijayo.

Kiangazi kile surua iliingia Juba Na Bari. Kwanza niliiona kama namba, na namba hazilii, unaweza kuzipanga ukaenda kula. Kisha Poni akanitumia mtu. Nilimkuta Keji ana moto mwili mzima, vipele mpaka ndani ya masikio, macho yamefungwa kwa usaha. Siku zile zote nilikaa pale namkamulia maji mdomoni kwa kitambaa. Alipona. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilifunguka pia, lakini lilikuwa limefanya ukungu mweupe, na halijaona kitu mpaka leo.

Niliumia, wanangu. Naumia hata sasa nikiandika. Na kwa sababu niliumia niligeuka mkali, nikamvaa Poni pale mlangoni. Uliniambia ndiyo! Kwa mdomo wako! Kwa nini ulinidanganya?

Poni hakupandisha sauti. Poni hajui hiyo. "Nilikupa maji, Kiden," akasema. "Ulikuwa umekaa kwenye kiti changu, maji yangu yako mkononi mwako. Ningekukatalia vipi?"

"Mimi ni dada yako!"

"Siku ile ulikuja na beji. Ulikuwa mgeni." Halafu akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua na nilikuwa nimelisahau. Mtoto wake wa kwanza, Lado, alichanjwa kambini Uganda, na siku mbili baadaye akafa kwa homa. Malaria ilikuwa imeshamwingia kabla, daktari alisema hivyo, kambi nzima ilikuwa inaugua. Lakini Poni alikuwa na mtoto mkononi, hakuwa na masikio ya daktari. "Nilingoja mtu aniulize naogopa nini," akaniambia. "Hakuna aliyeuliza. Wewe uliuliza nitakuja au sitakuja."

Nilirudi kontenani nikamweleza Mwalimu, nikitegemea atanifukuza. Alivua viatu, akachukua chaki, akafuta vile vyumba vyetu kwa mguu. "Kalas," akasema, ile ya Juba ya kusema basi, yameisha. "Tunaanza tena." Akachora walio tayari na wasio tayari, na kando yao chumba kimoja zaidi: wanaoogopa na hawajasema. Kisha akanipa chaki nichore mshale wa kutoka mle. Nilisimama nayo mkononi mchana wote, sijui niupeleke wapi. Ya Nalongo ilikuwa rahisi: aliogopa kwa sauti, majirani wakamjibu. Poni aliogopa kwa adabu, na hakuna anayegombana na adabu.

Ngojeni. Kuna kitenge cha njano kwenye kona.

Si yeye.

Basi haya ndiyo niliyoyapata baada ya hapo, myachukue, hayachukui nafasi. Swali lako la kwanza liulize langoni, umesimama, kabla ya kiti na kabla ya maji. Watakuona huna adabu, wacha wakuone. Usimwulize mama atafanya nini, mwulize majirani zake wanaonaje. Kuhusu jirani watu husema kweli, na wakishaanza, wao wenyewe wanajitaja humo humo. Uliza kadi ya mtoto iko wapi. Mama anayejibu palepale, iko ndani ya sanduku, iko chini ya godoro, huyo atakuja. Mama anayesema "iko tu hapa ndani", mwandikie alama ya kuuliza. Beji iweke mfukoni. Na ukijibiwa ndiyo haraka sana, kwa tabasamu, usiandike chochote. Rudi siku nyingine na mikono mitupu. Kwa njia hiyo tulipata hapana nyingi sana, ofisi ikalalamika kwamba namba zetu zimeharibika. Mwalimu aliwaambia ndiyo kwanza zimepona. Alirudi kwao miaka mingi iliyopita, na chaki yake ninayo.

Sasa mnaelewa kwa nini nimekaa kwenye kiti tangu asubuhi.

Jana nilipita kwa Keji kumsalimia mtoto. Mama yake, Poni, yuko Uganda tangu vita viliporudi hapa Juba, kwa hiyo mama wa karibu ni mimi. Akafuta kiti, akaleta maji ya mtungini, baridi, yanukia udongo, na mimi mzee nimetembea juani nikayanywa yote nikashukuru Mungu. Na glasi bado iko mkononi, nikauliza: kesho utampeleka mtoto, si ndiyo? Mimi! Niliyewafundisha watu miaka yote hiyo! Akainamisha kichwa, jicho lake zima likatazama pembeni. "Ndiyo, mama mkubwa." Nilifika njiani ndipo nikasikia nilichofanya. Kurudi kuuliza tena niliona haya.

Kengele imegonga saa sita. Saa nane wanafunga turubai. Jua limekaa kichwani na barabara imekuwa nyeupe, watu wanapita ndani yake wanayeyuka, nafumba macho kidogo naona vyumba vile vya chaki, na harage moja limekaa peke yake karibu na mlango.

*

Narudi kuandika. Sasa ni alasiri.

Alikuja. Nilifumbua macho nikamkuta amesimama langoni, mtoto kifuani, kadi ameishika mkononi na imelowa jasho. Hakuwa anatoka upande wa nyumbani. Alikuwa amenipita nimesinzia, na sasa anatoka upande wa turubai. Nikaitazama kadi, haina kitu kipya.

Niliinuka kama nilivyolelewa. Nikafuta kiti, nikaenda kwenye mtungi, nikaja na glasi imejaa.

"Iweke chini hiyo, mama mkubwa," Keji akasema. "Nikiyanywa sitaweza kusema."

Nikaiweka chini, juu ya udongo.

"Nilifika. Nilipanga foleni. Walipobaki watu wawili mbele yangu, nikarudi." Mtoto alikuwa anachezea kitufe cha blauzi yake. "Jana nilikuambia ndiyo, malesh, unisamehe. Jicho hili linaniambia nenda. Halafu namkumbuka Lado, mama alinisimulia kila kitu, alivyokuwa amelala, nguo aliyovaa. Nikimpeleka, naogopa. Nisipompeleka, naogopa. Nimeogopa wiki nzima na watu wananiuliza tu nitakwenda lini."

Nilikuwa na majibu. Miaka yote ile, ningewezaje kukosa majibu? Nilikuwa na vyumba, mishale, watoto wangapi na wangapi. Yalinijaa mdomoni. Nikamtazama mtoto, ana macho mawili makubwa, meusi, kama anataka kunisoma.

"Unaogopa usiku wa leo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili.

"Basi leo nitalala kwako. Nitaleta mkeka wangu. Atapata joto kidogo, wengi wanapata, na tutakuwa wawili wa kumshika. Likizidi, pikipiki ya hospitali nitaita mimi. Mama yako hakuwa na mtu wa kukaa naye."

Hakusema ndiyo. Alinipa mtoto nimbebe. Nikavaa viatu, tukaenda, na tulikuta wameshaanza kukunja turubai. Nikawapigia kelele kama Nalongo, mpaka muuguzi akafungua tena sanduku lake.

Mtoto alilia sana. Keji hakugeuza uso.

Glasi ilikuwa palepale chini tuliporudi, imeingia vumbi. Nikaimwaga, nikachota mengine, na sasa akayanywa yote.